Mapera ya Chemchemi ya Issenye

Niliondoka Kerende kwa sababu shangazi yangu Robi, mjane aliyeolewa Issenye, alikuwa amekamatwa na panga ndani ya msitu wa hifadhi. Walinzi walimruhusu kulala kwake, ila arudi ofisini na ndugu wa kumdhamini. Ndugu huyo ni mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Nyamongo. Tulivuka daraja la Mto Mara, maji yakiwa mekundu kwa udongo, na kutoka Mugumu nilimalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilimkasirikia shangazi. Nilidhani amekata miti ya mkaa.

Issenye nilimkuta anapepeta mtama. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaweka ungo chini. Alitaka nilione kosa lake kabla ya kwenda kulitetea.

Chemchemi anayochota tangu alipoolewa ipo hatua chache ndani ya msitu. Imezingirwa na mipera iliyosongamana hata mtu hupita kwa ubavu, na chini yake hakuna mche mwingine wowote, hata wa mkuyu. Alinieleza kwamba mradi mmoja, ambao wenyewe walishaondoka, uliipanda mpakani ili wanakijiji wapate matunda na wasiingie hifadhini. Wanakijiji walitii. Nyani na ndege wakaingiza mbegu msituni. Shangazi alitoa taarifa mara tatu, akaambiwa asubiri. Maji yalipopungua, akachukua panga.

Saa tisa tulikuwa ofisini. Mkuu wa walinzi, mwanamume mpole, alitupa viti, akasoma karatasi iliyosema mama huyu ameharibu miti ya hifadhi. Nilimwuliza kama amewahi kuiona ile chemchemi. Alikiri ameiona, tena anajua mipera inaumaliza msitu.

"Sasa mbona umemkamata?"

"Sheria haichagui mti, kaka. Mimi mwenyewe niliomba kibali cha kuing'oa mipera. Sijajibiwa."

Nilisimama kwa hasira. Shangazi akanivuta shati nikae. Alipopewa karatasi aweke kidole, aliisukuma.

"Andika mipera," alisema. "Nikifa, wanangu wajue nilikata nini."

Yule bwana akaandika. Shangazi akapewa onyo. Panga lake likafungiwa kabatini.

Kesho yake, stendi ya Mugumu, mama mmoja aliinua ndoo ya mapera hadi dirishani kwangu. Nilimkatalia kwa ukali asiostahili, ikabidi nimwombe radhi.

Nilichojifunza ni kwamba tunaye mlinzi wa kumwona mjane mwenye panga, lakini hatuna mtu wa kusaini karatasi ya kuuokoa msitu wenyewe. Juzi shangazi alinipigia simu. Mvua zimeanza, kibali hakijaja, na kila shina alilokata limechipua.