Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Nilikuwa kijana mwashi pale Mabawa, nimeteremka kutoka Muheza, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Tanga. Jirani yangu, mama mmoja mjane wa Kipemba, aliniita asubuhi akiwa amekwisha funga mizigo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda Pemba kumuuguza dada yangu. Nitengenezee chumba cha nyuma, kinavuja."

"Wewe nenda tu, mama. Ukirudi hutakijua."

Sikuuliza zaidi ya hapo. Nilipokea ufunguo.

Paa lilivuja kwenye pembe moja tu. Makuti machache, kazi ya asubuhi moja, ikaisha. Lakini ukuta wa chini yake ulinikera: lipu imebabuka, na mahali pazima pamekwaruzwa kwa msumari, mistari ya herufi za Kiarabu. Mimi nilisoma misheni. Kwangu ile ilikuwa michoro tu. Nikaukwangua wote, nikaupiga lipu mpya na chokaa. Ukang'aa. Nikasimama mlangoni nikijisifu.

Aliporudi baada ya wiki mbili, nilimtangulia kwa furaha hadi chumbani. Akapitisha kiganja ukutani, polepole, kama anayetafuta kitu gizani.

"Uliyasoma kabla ya kuyafuta?"

"Sikujua kuyasoma, mama."

"Na kuuliza je?"

Yalikuwa maandishi ya marehemu mumewe. Siku walizozaliwa watoto wao wanne, na siku walizokufa wawili kati yao. Hapakuwa na mahali pengine zilipoandikwa.

Nilikwenda kumwomba mwalimu wa chuo cha Kurani aje na karatasi. Mama alikaa mkekani akamtajia, mwezi na siku, bila kusita, mpaka alipofika kwa mtoto wa tatu.

"Huyu alikaa siku tisa. Ilikuwa mvua ya vuli. Tarehe..." Akatikisa kichwa. "Baba yake ndiye aliyekuwa akijua."

Mwalimu akaruka mstari.

Mama hakunigombeza, wala hakuacha kuitikia salamu yangu. Afadhali angenitukana. Tangu hapo sishiki mwiko kabla mwenye nyumba hajanizungusha, ukuta kwa ukuta, akaniambia nini niguse na nini niache. Watu husema mimi ni fundi mwangalifu. Wakisema hivyo, mimi huinamisha macho.