Jembe la Shujaa Wangu

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Misima, mtu pekee kijijini aliyejua kuwa mimi ni mwandishi alikuwa mimi mwenyewe. Wengine waliojua walikuwa mjini, Old Korogwe: vijana wenzangu wa kikundi chetu, tuliokuwa tukikutana kusomeana maandishi na kusifiana mpaka giza liingie. Walikuwa wanaandaa jarida. Mkubwa wetu aliniambia, "Hadithi yako ya picha kwanza ibandikwe ukutani huko kwenu. Wanakijiji wakiielewa, tutaichapa." Tangu hapo sikulala vizuri. Nilitaka jarida lile kuliko chakula.

Nikachora watu wawili kwenye karatasi ya manila. Wa kwanza alikuwa shujaa, ameinama shambani, jasho likimtoka kama mvua ya masika. Juu ya kichwa chake nikachora duara na kuandika: "Mimi ni mchapakazi. Naipenda kazi ya pamoja." Wa pili ameketi kivulini, jembe jipya mapajani, na duara lake linasema: "Mimi ni mvivu. Nawategea wenzangu." Mvivu gani amewahi kujitangaza hivyo, sikujiuliza.

Jembe la shujaa nililichora nikitazama jembe la shangazi, yule niliyeishi kwake. Ndilo alilonipa kila siku ya shamba la kijiji: limelika hadi kubaki kama kiganja cha mtoto, mpini umefungwa waya. Mimi niliona humo jasho la vizazi. Nilikaribia kulia.

Mwenyekiti wa kijiji alikubali picha ionyeshwe kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Wakiipenda, ataibandika ofisini. Watu walifika moja kwa moja kutoka shamba la kijiji, wakaegemeza majembe ukutani, wakakaa.

"Haya ndugu zangu," alisema mwenyekiti, "kusoma bado tuko kwenye silabi. Semeni mnaona nini."

Mzee mmoja alisogea, akamgusa shujaa wangu kifuani. "Huyu mtegeaji."

"Shikamoo mzee," nilidakia, "huyo ndiye mchapakazi."

"Marahaba. Mchapakazi na kijembe hicho? Jembe zima kaliacha nyumbani kwa shamba lake. Hili ni la kuja nalo shamba la kijiji."

Darasa likaangua kicheko. "Na jasho alivyojimwagia!" alisema mama mmoja. "Kapita mtoni huyo."

"Mtu ni huyu aliyekaa," mwingine alisema. "Jembe jipya, rangi haijatoka, kalileta kwa kazi ya wote! Mwacheni apumzike, kachoka."

Nikaona jarida linayeyuka. "Lakini wazee wangu, hapa juu mwenyewe kasema, mimi ni mchapakazi!"

"Hata mimi husema," alijibu mzee.

Kicheko kilipotulia, macho yakaanza kwenda ukutani, kwenye majembe yao. Yote yalikuwa vijembe. Mwenyekiti alilisukuma lake kwa mguu, taratibu, nyuma ya kiti. Shangazi aliisogelea picha, akainamia mpini.

"Mwanangu," alisema, "hata waya wangu umeuchora?"

Nilitamani ardhi inimeze na manila yangu. Mwenyekiti akakohoa. "Tutaibandika. Ila mchoree jembe jingine."

"Hapana!" walipiga kelele. "Mwache na kijembe chake! Huyo tunamjua. Futa hayo maneno, yanamsingizia."

Nikafuta maneno, machozi yakinilenga. Niliyapenda kuliko picha. Lakini karatasi ikapanda ukutani, na kila aliyepita alisimama kumcheka yule bwana kama jirani yake. Kule Old Korogwe waliichapa nakala yake isiyo na maneno, wakanisifu kwa ustadi wa kunyamaza. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba nilikusudia.

Siku ya shamba iliyofuata, shangazi alinitolea jembe ambalo sikuwahi kuliona, la shamba lake mwenyewe, pana na zito. "Nenda na hili. Sasa wanatujua."

Nililima nusu ya mstari, mgongo ukagoma. Nikaenda kivulini, nikaliweka jembe mapajani, nikaanza kuwaza jinsi kazi ya pamoja inavyomtukuza binadamu. Yule mama wa darasani akapita na kibuyu cha maji. Alinitazama, akalitazama jembe.

"Kaa hivyohivyo," alisema. "Usiseme kitu. Tumeshakusoma."