Dereva wa basi aliyegundua siri ya mtupaji mzuri

Saa tatu kasorobo asubuhi. Wanafunzi wa mwisho wameshashuka, na Loretta Sobczak anaegesha basi lake la njano kwenye yadi ya Steubenville, Ohio. Hashuki. Anamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, anafungua kompyuta juu ya usukani na kuchukua daftari.

Ana saa nne mpaka zamu ya mchana. Hulipwa dola 19 kwa saa anapoendesha. Saa hizi nne hazilipwi.

"Wenzangu wanalala," anasema mama huyu wa miaka 58. "Mimi nina timu."

Timu hiyo ya futiboli ya Kimarekani imo ndani ya mchezo wa kompyuta. Humo hakuna kubonyeza-bonyeza: unachagua wachezaji, unapanga mbinu, kompyuta inacheza. Ligi yao ina timu 24, nyingi za wafanyakazi wa bonde hilo la viwanda vya chuma.

Timu ilikuwa ya mumewe, Walter, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Aliiacha mkiani, na msimu uliofuata, bila mwenyewe, ikabaki mkiani tena. Kanuni ya ligi ni moja: ukishika mkia misimu mitatu mfululizo, timu anapewa mwingine.

"Viongozi wa ligi waliniandikia kwa adabu kwamba naweza kuiachia mapema," anakumbuka Loretta. "Nikajibu, nipeni msimu wangu."

Tatizo la Walter lilijulikana. Alipenda kwotabeki, yule mtupaji mkuu anayeanzisha mashambulizi, awe na mkono wa mzinga, wa kurusha mbali. Kila mchezaji ana alama hadi mia za nguvu ya mkono, shabaha, kusoma ulinzi wa wapinzani na utulivu anapobanwa. Ila ipi ina uzito gani, watengenezaji hawasemi.

Loretta aliamua kutafuta mwenyewe. Alitengeneza watupaji wawili wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa alama moja, akawachezesha mechi mia mbili kila mmoja, akaandika. Kisha akabadilisha alama nyingine, akaanza upya. Kazi hiyo ilimla majira yote ya baridi.

Nguvu ya mkono ilipopanda kutoka 60 hadi 95, pasi zilizofika kati ya kila mia ziliongezeka moja tu. Shabaha ilipopanda vivyo hivyo, ziliongezeka kumi na nne. Utulivu ulipopanda, mipira iliyonaswa na wapinzani ilipungua kwa nusu.

"Lakini kilichonishtua ni kusoma ulinzi," anasema. "Ikiwa chini ya 50, hata shabaha haisaidii. Anamrushia vizuri kabisa mtu asiyestahili kurushiwa."

Siku ya kugawana wachezaji wapya, wenzake waligombania mikono ya mizinga. Loretta alisubiri hadi raundi ya sita, akamchukua Enoch Tibbs, mchezaji wa kubuniwa na kompyuta: nguvu 54, shabaha 91, kusoma 88, utulivu 90.

Dwight Hanratty, fundi wa mabasi yadini hapo na bingwa mara tatu, alicheka hadi akaweka spana chini.

"Loretta, mama yangu, huyo hata barua hawezi kuifikisha sandukuni."

"Kwani nani kakwambia anarusha mbali?" Loretta alimjibu. "Wewe endelea na mzinga wako."

Tibbs alirusha pasi fupi, mechi baada ya mechi. Timu ya mkiani ikashinda kumi na mbili kati ya kumi na sita, ikaingia fainali. Mpinzani alikuwa Dwight.

Walikutana chumba cha mafundi wakati wa mapumziko, madereva wamejaa hadi mlangoni. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Dwight aliongoza 20 kwa 17, na Tibbs alikuwa na yadi 70 mbele yake hadi mstari wa bao.

"Sasa ndipo mkono unapohitajika," Dwight alimchokoza.

Loretta akachagua pasi fupi tena. Yadi saba. Tisa. Kumi na moja. Mabeki wa Dwight walimvamia Tibbs kila mara, na kila mara mpira ulikuwa umeshaondoka. Pasi tisa, nane zikafika. Ya mwisho ilikuwa ya yadi nne tu, nayo ikazaa bao la pointi sita, na ushindi.

Chumba kililipuka kwa shangwe. Dwight aliutazama ubao wa matokeo, akavua kofia yake, akamvisha Loretta.

"Walter angekuuliza kwa nini hukumrushia mbali," alimwambia.

"Angeuliza," Loretta alisema, akifuta macho. "Halafu angewapigia simu watu wote anaowajua."

Timu imebaki mikononi mwake, na madaftari yamefika saba. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyeyaona alimshauri asomee takwimu. Septemba ataanza kozi ya jioni katika chuo cha karibu, darasa lake la kwanza tangu akiwa na miaka 18.

Fomu ilimuuliza kwa nini anataka kusoma. Aliandika sentensi moja: "Nilishinda, na nataka kujua kama nilikuwa sahihi au nilibahatika."