Kikombe Nilichomwaga Mugeta

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kunywa maji. Mama yangu, kule Butiama, hakuielewa kabisa. "Yaani unalipwa uwaambie watu wanywe maji? Kwani zamani walikuwaga wanayala?" Nikamweleza kwamba ni maji salama, na kwamba jambo lenyewe linahitaji utaalamu. Akanichotea kikombe mtungini, maji ya kisima ambayo hayajawahi kuona moto. Nikanywa chote, nikaomba kingine. Fulana niliyovaa ilikuwa imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa: CHEMSHA AU TIBU.

Utaalamu huo niliupata katika semina ya siku mbili mjini Musoma, kwenye ukumbi ambao ukifungua dirisha unaliona ziwa lote. Mbele ya kila mshiriki palikuwa na chupa mbili za maji ya dukani. Tulijadili kwa nini wanavijiji hawataki maji salama. Mmoja alisema ni elimu ndogo, mwingine akasema ni mila, mwingine akasema wafugaji ni wakaidi tu. Hakuna aliyekiri kwamba akifika kwake anakinga bombani na kunywa hapo hapo. Jioni tulipiga picha ya pamoja, tukatia mikobani chupa zilizobaki, tukawa wataalamu.

Nikapangiwa Mugeta, upande wa Bunda. Kitongoji nilichopewa kilichota maji lamboni, bwawa la kunyweshea mifugo. Ng'ombe wakitoka, ndoo zinaingia. Nilisimama mbele ya kinamama waliotoka shambani wakiwa hoi, nikawapigia hotuba ya saa nzima kuhusu vijidudu. Mwishoni nikapandwa na mori, nikasema, "Kuanzia leo, mtu akikupa maji ambayo hayajatibiwa, yakatae, hata kama ni mama mkwe!" Wakacheka, wakaitikia "sawa mwalimu" kwa sauti ile ile wanayomwitikia mgombea.

Mmoja tu alibaki. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyeachiwa mjukuu wa kike wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa anaharisha, anapata nafuu, anaharisha tena, na mara ya mwisho alitundikiwa dripu zahanati hadi bibi yake akakata tamaa.

"Mwalimu, nikitia hiyo dawa yako kwenye maji, huyu mtoto atapona?"

"Ukitia kila siku, mama, tumbo litatulia."

Nikampa vidonge. Kidonge kimoja kwa ndoo moja, subiri nusu saa. Akanirudishia maelekezo neno kwa neno, mara mbili, asije akakosea.

Baada ya wiki mbili nilirudi kufuatilia. Alifurahi kuniona, akanitolea kiti chenye egemeo, akaingia ndani, akatoka na kikombe juu ya kisahani. Akanipa kwa mikono miwili. Nikachungulia. Maji yalikuwa na weupe wa tope, na mimi macho yangu yakaona lambo tu, na ng'ombe ndani yake.

Ningeweza kuuliza. Lakini kwetu Mara mgeni hamuulizi mwenyeji kama maji yake ni safi. Hapo umemwambia kwamba nyumba yake ni chafu. Mimi niliyewaagiza wamkatalie mama mkwe nikakosa ujasiri wa kumkatalia mjane. Nikabana pumzi, nikagusisha midomo, nikasema "ahsante mama, maji matamu," na alipokwenda kumleta mtoto nikayamwaga nyuma ya mihogo. Kisha nikatoa chupa yangu mkobani, nikanywa ya dukani. Niliona nimecheza vizuri sana.

Mwezi uliofuata nilimkuta mtoto amekonda shingo. Walikuwa wametoka zahanati siku chache nyuma. Vidonge vilikuwa juu ya kabati, pakiti moja tu imefunguliwa.

"Mama, kulikoni? Mbona umeacha?"

"Nilikuonaga mwalimu, siku ile, kwenye mihogo." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Maji ile nilikuwa nimetia dawa yako. Nimechuja na kitenge, nimesubiri. Wewe ukaonja, ukamwaga. Nikasema, kama mwenyewe imemshinda, mimi nampaje mtoto? Na majirani nimewaambia."

Niliona aibu, aibu ya kweli, na sina mzaha wa kuifunika. Nikamweleza kwamba nilidhani hayajatiwa dawa.

"Si ungeuliza?" akasema.

Nikamwomba atie kidonge mbele yangu, awaite majirani. Akaleta ndoo. Kinamama wakaja, wakakaa chini, na tukaisubiri nusu saa ile. Nimefanya mitihani mingi maishani. Hakuna iliyokuwa ndefu hivyo. Muda ulipotimia akachota. Maji yalinuka hospitali. Nikanywa.

"Chote," akasema.

Nikamaliza chote. Mama mmoja akadai kwamba alikuwa amegeuka, hakuona vizuri. Nikanywa cha pili. Wengine wawili walikuwa wamechelewa, nikanywa cha tatu. Tangu siku hiyo ufuatiliaji wangu hauna fomu tena: napita nyumba kwa nyumba, kila ndoo naionja mimi kwanza, na kwa wingi wa vikombe hivyo, sehemu ya Mugeta ninayoifahamu kuliko zote ni vyoo vyake.

Lakini siku ile mjane hakuwa amemalizana na mimi. Aliunyooshea mkono mkoba wangu, akaitoa ile chupa ya dukani, akaizungusha kidogo kama anayesoma maandishi yake. "Na hii mwalimu, tunamwagaga wapi?" Akaenda nyuma ya mihogo, akaimimina yote pale pale, kinamama wakapiga vigelegele.

Aliporudi alinichotea kikombe cha nne. Nilipofika nusu akanishika mkono, akakichukua. Alilitazama koo langu mpaka akahakikisha nimemeza, kisha akasubiri kidogo zaidi. Ndipo akamwita mjukuu wake, akampa nusu iliyobaki. Mtoto akainusa, akakunja uso, akanitazama mimi. Akanywa chote, akaomba kingine.