Anayekataa Kula

Wanawake wenzangu wakiniuliza wasome nini, huwaambia waanze na mauaji. Wengine hukunja uso, maana walitarajia mwalimu mstaafu wa Mahajanga awatajie kitu cha malezi au cha afya. Cha afya kitafuata, nawaambia, lakini anza na maiti, tena maiti iliyoandikwa na mwanamke. Mwanamke akiandika mauaji hasahau kutuambia siku hiyo kulipikwa nini.

Jambo hilo nilifundishwa na mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Aliishi Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, enzi zile kiwanda cha sukari bado kinavuma na miaka ya sabini inaelekea ukingoni. Kila likizo nilitoka Mahajanga na riwaya za upelelezi mkobani. Yeye na jirani zake wawili walitarizi vitambaa vya meza barazani, nami nikisoma Kifaransa kimoyomoyo na kuwatolea kwa Kimalagasi. Kazi ilikuwa ngumu, maana hawakuacha ukurasa upite bila kunikatiza.

Mama mkubwa alikuwa na kanuni moja tu ya upelelezi. "Nani hapo hajala?" aliuliza. Nikimwambia mjane amekataa supu, basi kwake kesi imekwisha: mwenye jambo moyoni, chakula hakimpiti kooni. Alipatia mara chache sana, na alipokosea alimlaumu mwandishi. "Mama huyu hajawahi kupika harusi," alisema, akavuta uzi. Na ole wako umtajie mwisho kabla ya wakati wake. Alikuwa anafinya, na kucha zake nazikumbuka mpaka leo.

Likizo moja tulikuwa katikati ya riwaya ya tajiri aliyekutwa amekufa bustanini. Nikamwona mama mkubwa anagusa wali, kisha anausogeza. Siku ya pili vilevile. Samaki wa nazi, ambaye kwa kawaida mama mkubwa alimlinda dhidi yetu sote, sasa akapewa paka. Nikamtania, "Mama mkubwa, leo hapa asiyekula ni wewe." Hakucheka. Alivuta shali kifuani akasema ni joto.

Mkobani nilikuwa na kitu kingine cha kusoma, cha afya ya wanawake, kilichoandikwa na wanawake madaktari. Nilipokitoa alikipungia mkono. "Boky hiyo. Boky ni uongo mtamu. Hebu nirudishie maiti yangu."

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwetu neno kitabu lilikuwa la dini tu; maandishi mengine yote yalikuwa boky, kama wasemavyo Wamalagasi, na boky haina haki ya kumwamrisha mtu mzima. Nikamwambia, "Hii si boky, mama mkubwa. Hiki ni kitabu."

Aliinuka kwenda kutia udhu. Nilimsikia akimimina maji taratibu, nikaanza kuyaogopa niliyoyasema. Alirudi amevaa nguo safi, amejitanda vizuri, akaketi. "Soma," alisema. Jirani zake waliweka sindano chini.

Nikasoma ukurasa wa matiti, nikitafsiri. Uvimbe wowote uonyeshwe kwa daktari, tena mapema, hata usipouma.

"Hata usipouma?" aliuliza.

"Hata usipouma."

Akapeleka mkono chini ya shali, upande wa kushoto. "Wangu hauumi," alisema. "Mkimya hivyo, nani angemshuku?"

Juma lile lile tulipanda meli kwenda Mahajanga. Njia nzima hatukusoma chochote. Madaktari walimpima, wakaamua wakate, na asubuhi ya upasuaji akakatazwa kula, jambo lililomuudhi kuliko kisu. "Leo watanishuku mimi," alimwambia muuguzi, ambaye hakuelewa kitu.

Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, niambie. Nani alimuua yule tajiri?"

Mtu aliyetufinya kwa ajili ya mwisho wa hadithi sasa alikuwa anauomba mwenyewe, na nilijua kwa nini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Sikuambii," nilisema. "Ukitoka nitakusomea."

Akanifinya kwa nguvu zake zote. Sijawahi kufurahia maumivu kama siku ile.

Alitoka. Kesho yake akakalishwa kitandani, bendeji kifua kizima, nikamletea uji wa mchele. Nilifungua riwaya, lakini sikuutazama ukurasa. Macho yangu yalikuwa kwenye kijiko. Alikula wote, akakomba bakuli, akalamba kijiko pande zote mbili, akaniangalia.

"Umeona? Si mimi," alisema. "Haya, endelea."