Kichupa Kilichorudi Kimejaa

Mwaka tuliopata uhuru, binti yangu wa kwanza alishikwa na homa isiyosikia kwinini. Hata kutambaa alikuwa bado. Kila akikojoa alilia mpaka sauti inakauka, na mimi niliogopa kwamba nitamzika.

Hospitalini, daktari, kijana aliyevaa tai siku ya joto, alinipa kichupa. Nimwoshe mtoto, niache mkojo wa mwanzo umwagike, nikinge wa katikati. Alisema hivyo kana kwamba mtoto angenijulisha katikati imefika. Ni wazi kwamba bwana huyu hajawahi kulea hata kifaranga.

Kesho yake nilikaa uani kwetu, Mirongo, mtoto mapajani, nikimpigia mluzi asubuhi nzima. Mama mkwe alinisimamia kama nyapara. Hatimaye mtoto akakojoa. Mwingi uliishia kwenye khanga yangu. Ulioingia kichupani ulifunika kitako tu. Nilifurahi kama niliyevua sangara. Mtoto akalala, kwa hiyo nikamwomba mama mkwe akipeleke.

Tuliporudi kwa majibu, daktari alitutazama kwa huruma.

"Mkojo wa mtoto una sukari nyingi sana," alisema. "Huu ni ugonjwa mbaya."

Nikamkumbatia mtoto. Mama mkwe ndiye aliyejibu, bila wasiwasi wowote.

"Ulikuwa kidogo mno, mwanangu. Chombo cha mtu nitakirudishaje kitupu? Watasema nyumba yetu ina uchoyo. Nikakijaza."

"Ulikijaza na nini, mama?"

"Na nini tena? Si uliomba mkojo? Ningekuwekea togwa?"

Nilitaka kumnyonga pale pale, mbele ya serikali mpya. Daktari alilegeza tai yake, akaagiza kichupa kingine, na safari hii akasimama mwenyewe kukinga. Mtoto alimlowesha mpaka viatu, jambo lililonituliza kidogo. Katika mkojo ule walikuta usaha, tukapewa dawa, na homa ikashuka.

Binti yangu yu hai hadi leo. Mama mkwe alikatazwa sukari kwenye chai. Hakunisamehe kamwe: mpaka anaingia kaburini aliwaambia majirani kwamba alikuwa mzima kabisa, hadi mkwewe alipomtuma na kichupa.