Nilimfundisha Kukosea

Asubuhi moja tulikuwa tunacheka. Mume wangu Kalama alikuwa amesimama mbele ya karai la mahamri katika hoteli yetu ndogo ya Mtito Andei, na dereva mmoja wa lori alikuwa anamwigiza. "Ati 'chai ingali moto, ndugu yangu'! Huyu jamaa anaongea kama redio." Kalama alitoka Kilifi, kule Pwani. Mimi ni Mkamba wa huku Makueni, na Kiswahili changu nilikiokota barabarani kama wengine. Nilimtania kuliko wote.

Kisha wale waliotaka Pwani ijitenge wakatoka msituni na bunduki. Madai yao tulikuwa tumeyazoea, na mengine Kalama aliyaona ya haki, maana shamba la babu yake lilikuwa na hati ya mtu asiyemjua. Lakini sasa vituo vya polisi vilichomwa, na magari yenye vitambaa vyekundu yakaanza kupita mbele ya hoteli, yakirudisha maiti za askari wetu Ukambani. Kila gari lilipopita, wateja waliacha kula wakamtazama mume wangu.

Kwao hangeweza kurudi. Wapiganaji walikuwa wanachukua wanaume kwa nguvu, na ndugu yake alipigwa risasi kwa kukataa. Tukaamua kumficha kwa mama yangu, ndani kule kupita mji wa Wote. Shida ilikuwa vijana waliofunga barabara kwa mawe. Walikuwa wanawasemesha abiria, wakiwatafuta Wapwani kwa masikio.

Basi nikamfundisha kukosea. Siku tatu, jikoni, mlango umefungwa. Jina halikuwa na neno, kwa kuwa Kalama hata kwetu lipo. Kitambulisho tulikizika ndani ya mkebe wa unga.

"Usiseme kitu kingine. Sema kitu ingine."

"Kitu kingine."

"Kalama, hiyo sarufi yako itakuua!"

Alicheka mpaka akaketi chini. Nilimchapa na mwiko, kisha nikalia. Mwishowe akaweza: "Hii kiatu iko na shida." Nikamfundisha na salamu ya Kikamba: ukiambiwa wakya, unaitikia aa; na nyanya unamwita susu. Nilijiona hodari sana.

Shemasi wa kanisa letu alitubeba kwa pikapu yake, sote mbele, binti yetu wa mwaka mmoja mapajani mwangu. Tulipoacha lami tu tukakuta mawe na mapanga. Vijana saba au wanane. Sikumjua hata mmoja.

"Mnaenda wapi?"

"Kwa mamangu," nikasema.

"Si wewe. Huyu aongee."

"Tunapeleka hii mtoto kwa susu yake," Kalama akasema. "Iko na homa."

Kijana akainua mkono tupite.

Hapo mzee mmoja akatokea nyuma yao na mkongojo wake, akapita kando ya dirisha la Kalama.

"Shikamoo, mzee."

Ilimtoka Kalama tu. Hakuwahi kupishana na mzee bila kumwamkia.

"Marahaba," mzee akajibu. Baadaye niliambiwa alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi. Naye ilimtoka tu.

Huku kwetu hakuna anayeamkia hivyo barabarani.

"Shuka," kijana akasema.

Kalama alinishika mkono, akauachia. Alijifungulia mlango mwenyewe.

"Mwacheni!" mzee alipiga kelele. "Mwacheni!"

Hawakumwacha.

Tulimzika kwa mama yangu, kwa kuwa barabara ya kwao ilikuwa imefungwa. Vita viliisha. Waliopigana wengine walisamehewa, wengine wakapewa vyeo. Pwani haikujitenga, na lile shamba la babu yake Kalama bado lina hati ya mtu yule yule.

Yule mzee alikuja hotelini mara moja kuniomba msamaha. Nilimwambia hana kosa. Ni kweli hana, lakini sikumpa chai. Ninayemlaumu ni mimi. Nilimfundisha Kalama kukosea kila kitu, nikasahau adabu yake.

Binti yetu sasa yuko gredi ya tatu. Juzi alirudi na salamu mpya ya kitabuni, akaingia hoteli ikiwa imejaa madereva.

"Shikamoo, Mama."

Mwiko uliniponyoka. Nilitaka kumziba mdomo, na watu wote walikuwa wanatutazama.

"Marahaba," nikaitikia kwa sauti, nikainama kuokota mwiko.